Mwaka Nilipopima Masikio ya Donatha

Nina miaka thelathini na mmoja, na najua huo si umri wa kuandika kumbukumbu. Watu husubiri mvi; husubiri kwanza wafe wale wanaoweza kuwabishia. Mimi nimeshindwa kusubiri. Mwezi uliopita tulimzika Papa Anastase huku Rubavu, na pale makaburini nikamwona Donatha ng'ambo ya kaburi, baada ya miaka minane. Padri alikuwa akisoma, na sisi tunaosikia tulikuwa tumeinamisha vichwa. Wanafunzi wa Papa Anastase, wote viziwi, walikuwa wamesimama wima kwa duara ili kila mmoja aone mikono ya mwenzake, na mikono ile ilikuwa ikisema mambo ambayo padri hakuyajua. Donatha aliniona. Akakuna kipaji cha uso wake kwa kidole cha shahada, mara mbili. Hilo ndilo jina langu katika lugha ya ishara. Papa Anastase alinipa mwaka 1998, na maana yake ni yule asiyeamini kitu. Wengine waliitwa kwa kovu, kwa kishimo cha shavuni, kwa namna ya kutembea. Mimi niliitwa kwa shaka yangu, na wakati ule nililiona kuwa jina la heshima.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimeondolewa chuo kikuu kwa mwaka mmoja kwa sababu nilimbishia mwalimu wa fizikia mbele ya darasa zima, kisha nikakataa kumwomba radhi. Hesabu yake ubaoni haikuwa sahihi. Mpaka leo haiko sahihi. Nilipanga chumba cha nyuma kwa Mama Zawadi, mjane Mwislamu mwenye dada wawili Goma, ng'ambo ya mpaka, aliyepika chakula cha watu wanaovuka. Chumba changu kilikuwa na upana wa kitanda kimoja na nusu. Kilitenganishwa na chumba cha kulia kwa ukuta wa mbao nyembamba uliopakwa rangi ya kijani, na kupitia ukuta huo nilipokea harufu ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakikaangwa kwa mawese, moshi wa makaa, na mazungumzo yote. Nikilala, vichwa vya wateja vilikuwa shubiri moja na mto wangu. Nilijua nani amevuka na bidhaa gani, nani ameoa, na nani hajaonekana.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa mengi. Waasi walikuwa wakishuka kutoka milimani, askari walikuwa wakipanda kuwatafuta, na katikati walikuwa watu wenye mashamba ya viazi. Mabasi ya Kigali yalikuwa yakishambuliwa njiani, na abiria walipanda kama watu wanaokwenda kupasuliwa, kimya, wakiwa wamekwisha kuaga. Katika chumba cha kulia watu walizungumza habari za mvua kwa sauti kubwa na habari nyingine zote kwa sauti ndogo. Siku moja nilimsikia mwanamke mmoja akiuliza, "Ule jirani wa Mahoko iko wapi? Sijamuona wiki yote." Mwanamume akajibu, "Alienda." "Alienda wapi?" Kijiko kikagonga sahani. "We kula, mama." Na kweli wakala. Nilisikia wakila mpaka mwisho.

Mama Zawadi ndiye aliyenipeleka kwa Papa Anastase. Mzee huyo alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyepoteza masikio kwa homa utotoni, akafundishwa na watawa kusoma na kuandika Kifaransa kizuri kuliko changu. Alikuwa na darasa la viziwi katika nyumba ya zamani ya Wabelgiji kando ya ziwa, na alihitaji mtu wa kusema kwa niaba yake maofisini. Nyumba ile ilikuwa imeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe kwa sababu ya unyevu, na sakafu yake ilikuwa mbao ndefu zilizolia kila ukipiga hatua. Nilizisikia zikilia. Sikujiuliza kamwe wao wenyewe walizipokeaje. Tuliongea kwa kibao cha shule na chaki: yeye anaandika, anafuta kwa kiwiko cha koti, mimi naandika. Koti lake lilikuwa na kiwiko kimoja cheupe siku zote.

Kitu chake cha thamani kilikuwa kijitabu cha Kifaransa, kimeshonwa upya kwa uzi wa nyavu, chenye historia ya michezo ya viziwi duniani. Alinipa nikisome siku ya kwanza, akakaa mbele yangu akitazama uso wangu nikisoma, kama mtu anayekula kwa mdomo wa mwingine. Mwaka 1924, mjini Paris, viziwi kutoka nchi tisa walikutana wakakimbia, wakaogelea, wakacheza mpira, wakaiita michezo ya kimya. Waliipanga wenyewe. Hakuna aliyewaandalia kwa huruma. Kisha wakakubaliana kukutana kila baada ya miaka minne, na wakakutana, isipokuwa vita ilipowazuia. Kulikuwa na picha ya wakimbiaji wameinama kwenye mstari, na badala ya kumtegea masikio mpiga bastola, wote walikuwa wamegeuza macho kwa mtu mwenye bendera. Papa Anastase aliweka kidole juu ya bendera ile. Akaandika kibaoni: "Huku kwetu wanasema kiziwi ni mtoto wa kudumu. Hawa walikuwa na marefa, na mabishano, na rekodi." Nilipenda kwamba aliandika mabishano. Nilimwuliza kwa chaki kama kijitabu hakijatia chumvi. Akacheka bila sauti, akakuna kipaji chake kwa kidole, akawaonyesha wengine. Ndivyo nilivyopata jina.

Donatha alikuwa mwanariadha wake. Alikuwa na miaka ishirini, kiziwi tangu kuzaliwa, mwembamba, na alikuwa na namna ya kukutazama mdomoni kama anayesubiri kitu kitoke humo. Kila asubuhi alikimbia kutoka kwao Rugerero mpaka ziwani, akapita kizuizi cha askari. Katika mwaka ule, kukimbia kuelekea kizuizi bila kusikia neno "simama" kulikuwa kujiua. Papa Anastase alikwenda mwenyewe kwa askari na kijitabu chake, akawaonyesha picha ya mtu wa bendera. Walielewana hivi: Donatha atavaa kitambaa chekundu shingoni; akifika mita hamsini atasimama mwenyewe, mikono juu; askari wa zamu atainua kitambaa chake, na akikishusha, apite. Baada ya wiki mbili mchezo ulikuwa umewanogea askari. Nilikwenda kutazama asubuhi moja. Askari alikiinua kitambaa, akakichelewesha kwa ujanja, Donatha ameinama kama wale wa Paris, vidole vikigusa vumbi jeusi. Kitambaa kikashuka, naye akatoka kama jiwe la manati. Askari wakahesabu kwa kupiga makofi. Niliona meno ya watu wakicheka karibu na bunduki, na nikaogopa zaidi kuliko kama wangekunja uso, maana kicheko kinaweza kukoma wakati wowote.

Fomu ilifika katikati ya mwaka. Ilikuwa ya kuandikisha wanariadha kwa michezo itakayofuata, na Papa Anastase aliishika kwa ncha za vidole. Ukurasa wa tatu ulitaka cheti cha daktari kwamba mwanariadha hasikii kwa kiwango kilichowekwa, kimepimwa kwa mashine. Kulikuwa pia na onyo kwamba siku ya mashindano hakuna ruhusa ya kuvaa kifaa cha kusikilizia. Nilimwuliza kwa nini wadai ushahidi. Akaandika kwa mkono wa haraka, kidogo kwa aibu: "Kwa sababu wapo wanaodanganya." Sentensi hiyo iliniingia kama kijiti kwenye jino. Hata viziwi hawaamini viziwi! Mashine ya kupima ilikuwa Kigali, na barabara ya Kigali ilikuwa ile. Ya pili ilisemekana kuwa Goma, na Goma nako vita vilikuwa vimeanza upya. Papa Anastase alisema tusubiri. Mimi sikujua kusubiri. Nilijiambia kwamba kabla ya mashine ipo akili, na kwamba mwanafunzi wa fizikia anaweza kupima kitu chochote.

Nilimpima siku Papa Anastase alipokwenda posta. Nilimketisha Donatha kwenye kigoda katikati ya chumba, akinipa mgongo, nikampa ungo wa maharage achambue. Nikaita jina lake, hakugeuka. Nikapiga makofi, nikagonga sufuria kwa mwiko, hakugeuka. Kisha nikauchukua mchi wa kinu uliokuwa kando ya mlango, nikauachia uanguke. Akageuka, ameinua nyusi. Nikamwashiria aendelee na maharage. Nikaangusha tena. Mara kumi niliangusha, mara nane akageuka, na kila mara nyusi zake zilikuwa zikiniuliza ninataka nini. Mimi niliusoma uso ule kama uso wa mtu aliyefumaniwa. Niliandika katika daftari, kwa mwandiko wangu mzuri wa maabara: anasikia sauti nzito; zile nyepesi anajifanya hazisikii. Nimelitunza daftari hilo. Nimelifungua sasa hivi kabla ya kuandika aya hii, na mwandiko ni mzuri kweli.

Jioni ile kulikuwa na bugari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na chumba cha kulia kilijaa kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa mapema. Mama Zawadi aliniuliza, akigeuza sambaza kwenye mafuta, "Vesti, ile mutoto kiziwi ya Rugerero, kweli itapanda avion iruke mpaka kwa ile michezo?" Nikasema, na nakumbuka nilisubiri kwanza watu wanyamaze, "Kiziwi? Yule anasikia kuliko wewe, Mama Zawadi. Nimempima." Watu wakacheka. Mwanamume mmoja mwenye kikohozi, aliyekuwa akipeleka makaa kwenye kambi za askari, akauliza, "Umemupima namna gani, docteur?" Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mikono, nikawaigizia nyusi za Donatha, na wakacheka tena. Miezi sita hakuna mtu aliyekuwa amenisikiliza nikifafanua jambo. Mama Zawadi peke yake hakucheka. Aliniwekea samaki sahanini akasema, "Bon. Kula sasa, maneno imeshiba."

Zilipita wiki mbili. Mlimani juu ya Rugerero kulikuwa na mapigano ya siku tatu. Moshi uliosimama juu ya mashamba ulionekana kutoka ziwani, na kizuizini waliwekwa askari wapya na mkubwa mpya. Alasiri moja nilikuwa nimejilaza na kitabu nikasikia, upande wa pili wa ukuta, sauti ambazo sikuzijua.

"Ile ya mbio, ya foulard nyekundu. Si kiziwi."

"Acha, sha."

"Docteur ya université njo alimupima. Na mashini."

"Donc anakimbiaka pale ku bariyeri kila asubui juu ya nini?"

"We jiulize mwenyewe. Anahesabu basoda na bunduki yao."

"Yewe. Na habari anapeleka wapi?"

"Kule juu." Nikajua kwamba aliyesema alikuwa ameelekeza kidevu mlimani. Kisha sauti ya Mama Zawadi: "Kuleni, chakula inapoa."

Mashine. Sikuwa na mashine; nilikuwa na mchi. Nilibaki nimelala, kitabu kimefunguka kifuani. Ningeweza kutoka wakati ule ule na kusema: huyo daktari ni mimi, na hilo la mlimani mmelitia ninyi. Ilikuwa hatua nne mpaka mlangoni. Lakini mwaka ule aliyejieleza bila kuulizwa alikuwa amekwisha kuingia ndani ya hadithi, na hadithi zile zilikuwa zikila watu. Nikajipa sababu nyingine, na hii ndiyo mbaya zaidi: nikajiuliza, je, kama ni kweli? Nilikuwa nimemwona akigeuka. Mara nane kati ya kumi. Nilitumia shaka yangu kama blanketi, nikajifunika nayo siku mbili.

Siku ya tatu nilikwenda darasani kama kawaida. Wanafunzi walikuwa wameinamia michoro yao. Papa Anastase alitaka wamtazame, na akafanya alichokuwa akifanya kila siku: akanyanyua mguu, akapiga kisigino kwenye mbao, mara mbili. Vichwa kumi na kimoja vikainuka kwa pamoja. Nilikuwa nimekwisha kuliona jambo hilo mara hamsini. Siku hiyo ndipo nililiona. Sakafu ndiyo iliyowaita, kupitia nyayo, kupitia miguu ya vigoda. Kelele ya sufuria ilikuwa angani, ya mchi ilikuwa sakafuni. Mtoto wa shule ya msingi angeweza kuniuliza: mbona hukumketisha nje, kwenye udongo? Kigoda cha Donatha kilikuwa kitupu. Nilichukua kibao nikaandika, "Donatha yuko wapi?" Papa Anastase akaandika, "Leo amechelewa." Alikuwa bado anafuta kwa kiwiko pale Mama Zawadi alipotokea mlangoni, kilemba kimemwenda kando, akihema, yeye ambaye hakuwahi kuacha jiko lake mchana.

"Vesti," alisema. "Wameikamata ile mutoto. Iko ku dépôt ya kahawa, kule Rugerero." Kisha, kwa sauti ndogo, ile ya nyuma ya ukuta wa kijani: "Kama unaenda, enda sasa. Jioni itakuwa maneno ingine."

Tulikwenda kwa miguu, mimi na Papa Anastase. Nilikuwa nimemwandikia tu kwamba askari wanamshuku, na hakuuliza kwa nini. Alibeba kijitabu kwapani na kibao mkononi, na kwa mkono mwingine alinishika mkono wa gauni, nusu hatua nyuma yangu, kwa sababu kwenye barabara ile mimi nilikuwa masikio yake. Kila nilipoitwa nisimame nilisimama, naye aliuhisi mkono wangu ukikaza, akasimama. Nilifikiri: huyu mtu anayaamini masikio yangu, na mdomo wangu ndio uliomleta hapa. Wanawake waliokuwa wakilima kando ya barabara hawakuinua vichwa tulipopita. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya mwaka ule.

Ghala la kahawa lilikuwa tupu, isipokuwa harufu ya magunia. Sakafu yake ilikuwa ya mbao, imeinuliwa kama ile ya darasani, na nilipoiona nikaukumbuka mchi. Donatha alikuwa ameketi juu ya kreti katikati, bila viatu, kitambaa chekundu kikiwa mezani mbele ya afande kama kitu kilichokamatwa peke yake. Alipotuona hakulia. Aliinua nyusi tu, zile zile. Afande, yule mkubwa mpya, alikuwa kijana, aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili safi na adabu nyingi, na adabu ile ilinitisha kuliko kelele.

"Karibuni," alisema. "Mnamfahamu binti huyu?"

"Ni mwanafunzi wa huyu mzee, afande. Ni kiziwi."

"Nimeambiwa hivyo na watu wawili, na kinyume chake na watu wanne. Kwa hiyo tumemjaribu wenyewe." Akamtikisia kichwa askari aliyekuwa nyuma ya Donatha. Askari akainua sanduku la risasi mpaka magotini, akaliachia. Mbao zilinguruma. Donatha akageuka haraka kama alivyogeuka kwangu. "Mnaona," akasema afande. "Kiziwi wenu."

"Ni sakafu, afande. Hakusikia. Amehisi sakafu kwa miguu."

"Nani wewe?"

"Mwanafunzi wa chuo kikuu. Wa fizikia."

Alinitazama kwa makini kwa mara ya kwanza. "Alaa. Basi wewe ndiye yule daktari aliyempima akakuta anasikia?"

Hapo ningeweza kukana. Hakuna aliyekuwa ameniandika jina. Mlango ulikuwa nyuma yangu, umefunguliwa, na nje niliona jua na bata wawili. Donatha alikuwa akinitazama mdomoni, kama kawaida yake, akisubiri kitakachotoka.

"Ni mimi," nikasema. "Sikuwa na mashine. Niliangusha mchi kwenye mbao kama nyinyi mlivyoangusha sanduku. Nilikosea, kisha nikasimulia mezani ili watu wacheke."

"Ulikosea lini?" aliuliza taratibu. "Wakati ule, au sasa hivi?"

Lilikuwa swali zuri. Ndilo swali ambalo ningeuliza mimi. Nikamwomba avue viatu. Askari mmoja akacheka kwa pua, akanyamaza. Nilimweleza: simama pale kwenye mbao miguu mitupu, jizibe masikio kwa vidole, fumba macho, halafu mwambie mtu wako aangushe sanduku bila kukwambia lini. Afande akakaa, akafungua kamba za buti, moja, ya pili, akakunja soksi akaziweka ndani ya buti kwa utaratibu, akasimama. Alikuwa na miguu midogo, yenye malengelenge. Akaziba masikio, akafumba macho. Tulimtazama sote, afande amesimama hivyo kama mtoto anayehesabu wenzake wajifiche. Sanduku likaanguka. Mabega yake yakaruka.

Alifumbua macho akatazama mbao. Halafu akasema, "Nje."

Nje ya ghala udongo ulikuwa ule mweusi wa mlima wa moto, mwepesi, unaomeza hatua. Donatha alisimamishwa akitazama mashamba, mgongo kwetu. Papa Anastase alizuiwa kumkaribia. Afande, akiwa bado miguu mitupu, aliniuliza bila kunitazama, "Na asipogeuka hapa, nitajuaje hakufundishwa kutogeuka?"

"Hutajua, afande," nikasema. "Mimi pia sitajua. Hakuna jaribio linaloweza kukupa hilo." Mpaka leo sijui kwa nini niliusema ukweli huo wakati uongo ungefaa zaidi. Aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokitarajia. Akachukua bunduki kwa askari, akaielekeza mbinguni, hatua kumi nyuma ya kichwa cha Donatha, akapiga.

Mimi nilijikunyata mpaka chini. Askari wawili walishtuka, na walijua inakuja. Bata walikimbia. Mgongo wa Donatha haukutikisika. Kitu pekee kilichosogea ni upepo katika gauni lake. Kisha kunguru wote wa miti ile wakaruka kwa pamoja, wakapita juu yake, na Donatha akainua kichwa.

"Ameinua kichwa," akasema yule wa sanduku.

Afande alimtazama Donatha, ambaye alikuwa akiwafuata kunguru kwa uso wake wote, akishangaa wametishwa na nini. "Anatazama kunguru," afande akasema. Akamrudishia askari bunduki. "Umewahi kuona mtu amepigiwa risasi nyuma yake akatazama ndege?"

Alirudisha kitambaa chekundu mwenyewe. Papa Anastase alimwonyesha fomu, ukurasa wa tatu, na afande akaisoma akiwa amesimama, akaomba karatasi, akaandika: nimemjaribu binti huyu kwa risasi, hasikii. Akatia sahihi na cheo. Tuliituma. Ilirudi baada ya miezi mitatu na barua ya upole: cheti lazima kitoke kwa daktari wa masikio, na kiwe cha mashine. Siku za kuandikisha zilikuwa zimekwisha. Lakini hilo halikuwa na maana tena, kwa sababu tangu siku ile mama yake Donatha hakumruhusu kukanyaga barabara asubuhi, na mkimbiaji asiye na barabara ni mtu mwembamba tu. Michezo iliyofuata ilifanyika bila yeye, na iliyofuata hiyo pia.

Papa Anastase alikuwa akisoma midomo kidogo, na ghalani aliusoma wangu. Tukirudi siku ile, Donatha akiwa ametangulia, alinisimamisha kando ya barabara akaandika kibaoni: "Utamwambia wewe mwenyewe." Alisubiri mpaka nikaitika, ndipo akafuta kwa kiwiko. Sikumwambia. Kukiri kwangu kulikuwa kumekwisha kufanyika, kwa sauti, mbele ya mashahidi, yeye akiwa hatua tatu kutoka kwangu akitazama mdomo wangu. Nilijiambia kwamba hiyo inatosha, nikarudi chuoni Januari. Miaka minane nimetembea na toba niliyoitoa katika lugha ambayo aliyekosewa haisikii.

Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, nilimfuata. Ishara zangu zimeota kutu. Nilimwambia: mimi, zamani, nilisema, wewe unasikia. Alidhani ninamwuliza kama siku hizi anasikia, akatikisa kichwa akicheka. Ikabidi nirudie. Askari. Ghala. Wewe. Nikatafuta ishara ya "kwa sababu", nikaikosa, nikajipiga kidole kifuani, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kicheko kikaisha usoni pake. Alitazama mikono yangu, kisha mdomo wangu, kisha mikono tena. Nikaona anapiga hesabu: kitambaa, mama yake, barabara, fomu. Na akageuka, akanipa mgongo.

Kwa kiziwi hakuna mlango mwingine wa kufunga. Alisimama hivyo hivyo kama siku ile, akitazama mashamba, bila kwenda zake na bila kugeuka. Ningeita, asingesikia. Ningepiga kisigino, lakini udongo wa Rubavu unameza hatua, na pale makaburini ulikuwa umechimbuliwa upya. Ilibaki njia moja. Nilianza kumzunguka, kwa mbali kidogo, mpaka nikasimama mbele ya uso wake.